Kosa la Kutelekeza Wajibu

South Beach, Durban
4 Machi 2024

Kwa yaya Élisabeth, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, sijui nyinyi huko Uvira, hasa mama na miguu yake. Laetitia anawasalimu, bado anafanya kazi saluni, na harusi tumeipanga Desemba. Siku hizi meseji zangu haziwafikii, sijui kwa nini, ndiyo maana barua hii anaileta Libérate, yule Mrundi anayepeleka bidhaa Bujumbura.

Yaya, wewe ni karani wa mahakama, nisaidie. Unajua ninalinda mlango wa jengo la ghorofa hapa. Jumapili mchana bibi Rhoda wa juu alianguka karibu na lifti. Nilimkimbilia, nikapiga magoti, nikamshika mkono mpaka ambulensi ikafika. Kesho yake meneja akanipa mashtaka: kutelekeza wajibu. Bibi mwenyewe amesema aliita na hakuja mtu. Nilicheka, nikaomba tuangalie kamera.

Kwenye kamera kiti changu ni kitupu tangu asubuhi. Geti linafunguka lenyewe, magari yanaingia. Halafu bibi anaanguka, na baada ya kidogo mkono wake unainuka, unabaki hewani, vidole vimekunjwa kama vimeshikwa. Meneja akaniambia kwamba basi sikuwepo.

Neno hilo, kutelekeza wajibu, lina maana gani hasa? Kazi hii ikienda, harusi nayo imekwenda. Naogopa.

Mdogo wako,
Peguy

Uvira
29 Machi 2024

Mdogo wangu Peguy,

Tumeipata barua, Mungu asifiwe. Miguu ya mama imevimba kidogo, lakini anatembea. Wewe unakula vizuri?

Usiogope neno hilo kabla ya kulijua. Si kila kosa la kazini linaitwa hivyo. Hakimu hutazama kama wajibu ulikuwepo, kama uliujua na uliuweza, halafu ukauacha kwa kutaka au kwa kutojali. Aliyezuiwa na ugonjwa hahukumiwi kwa hilo, na aliyejaribu akakosea ana kosa jingine. Wewe ulikuwepo na ulitenda. Tafuta hata mtu mmoja aliyekuona.

Kuna jambo lingine, na limeninyima raha. Nilikuwa namsomea mama barua yako. Tulipofika kwenye kiti kitupu akaweka sahani chini, akasema, "Si walimuzika?"

Nilimbana mpaka akasema. Unakumbuka ulivyopotea bila simu, mimi nikiwa Bukavu? Kumbe ilikuja habari kwamba umeuawa huko Durban. Baba mkubwa Jules akaitisha kilio. Kwa kuwa mwili haukuwepo, walizika shati lako nyuma ya nyumba, wakaondoa matanga. Ulipopiga simu, kwa desturi ilimpasa mzee Jules alifukue shati mbele ya watu, wewe ukiwa umesimama pale, akuvalishe. Aliona aibu, maana watu walishakula na kulia. Akasema wangoje uje, akamkataza mama asiniambie.

Dada yako,
Élisabeth

South Beach, Durban
3 Mei 2024

Yaya,

Salamu kwa mama. Afya yangu sijui niisemeje.

Elysée wa duka la simu alikuja kunitolea ushahidi kwenye kikao cha kusikiliza mashtaka yangu. Alisema kila asubuhi tunasalimiana, halafu akaangaza macho chumba kizima akauliza, "Peguy mwenyewe iko wapi?" Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Nilijibu kwa sauti. Msimamizi wa kikao aliandika kwamba sikufika, nikafukuzwa kazi.

Laetitia bado ananiona, lakini lazima niseme kwanza ndipo ageuke. Jana niliita sana kabla hajageuka. Alilia, akanishika uso kama anayetafuta kitu gizani.

Kuja siwezi. Kwa karatasi zangu hizi za ukimbizi, nikivuka mpaka sirudi. Mwambie baba mkubwa afanye linalompasa, yaya. Nakuomba.

Mdogo wako,
Peguy

Uvira
10 Juni 2024

Peguy wangu,

Salamu, popote ulipo. Mama ni mzima, tena miguu imepona kabisa, ghafla na bila dawa, na hilo linanitisha.

Nilimwendea mzee. Nilimwambia alikuwa na wajibu, aliujua, aliuweza, akaukalia, na kwamba mahakamani kwetu kosa hilo lina jina. Jumapili baada ya misa aliita majirani akachukua jembe. Nilimsihi angoje, kwa sababu wewe hukuwepo pale kuvishwa. Akanijibu, "Munataka nifanye, sasa nafanya."

Shati lilitoka safi. Alilishika mabegani, kama mtu anavyomvalisha mtoto, akakutaja jina, kisha akaliachia. Halikuanguka.

Watu walikimbia. Mama alipiga vigelegele. Tangu siku hiyo anaongea jikoni peke yake, anasikiliza kidogo kama anayejibiwa, anacheka. Laetitia amenipigia simu: tangu Jumapili hiyo hiyo hasikii hata sauti yako. Ni mimi niliyemsukuma mzee. Na mimi sikuoni, mdogo wangu. Naumia sana.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja Libérate ataileta Durban, nyingine nimeifunga nikaiweka kwenye kitanda chako cha zamani. Nijibu.

Dada yako,
Élisabeth

Asubuhi. Bahasha ya kitandani nimeikuta imefunguliwa, na mama hajui kusoma. Hii nyingine siitumi tena. Sijui Laetitia nitamwambia nini.