Usiufunge Msonobari kwa Turubai

Neema, mwana wa dada yangu,

Amani ya Bwana ikae nyumbani kwenu huko Buffalo. Hapa Shively tuko wazima. Mke wangu, Mama Yoshua, anakusalimu kabla ya kukimbilia ghalani kazini.

Unauliza kama uufunge turubai ule msonobari mliopanda siku mtoto wenu alipobatizwa, maana majani yameanza kuwa ya kahawia. Niliposoma hayo niliiacha chai ikapoa, nikachukua kalamu.

Usiufunge! Mimi mjomba wako, niliyepanda miti kilima kizima kule kambi ya wakimbizi kwa asubuhi moja, nilikosea hivyohivyo Columbus, baridi yetu ya kwanza hapa Marekani, nikifanya kazi kwenye bustani ya miche. Nilikabidhiwa misonobari ishirini. Nikaifunga turubai, nikakaza kamba kama tulivyofunga nyumba zetu kambini, nikajisifu mpaka mate yakakauka. Jua likawaka siku tatu. Nilipofungua, ilikuwa imeiva kama mboga!

Mzee wa bustani hakunifokea. "Uliipenda sana," akasema, "ila hukuiacha ipumue."

Basi, mwanangu, tandaza majani makavu chini yake, yasiguse shina. Simamisha gunia kwa vijiti upande unakotoka upepo tu. Mwagilia kabla ardhi haijaganda, kwa sababu msonobari hunywa hata wakati wa baridi.

Kisha kwaruza kitawi chake kimoja kwa ukucha. Ukiona kijani ndani, bado uko hai; nipigie, hata nikiwa kazini. Usipokiona, nipigie vilevile. Usikae na huzuni hiyo peke yako.

Mjomba wako,
Festo