Maji ya Bwawani Ni ya Nani

Kibokoni, Mombasa
18 Mei 1965

Kwa Mwanakuu, mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu za nyumba nzima, wazima na wanaojisingizia ugonjwa. Shangazi Mahfudha goti lingali lamsumbua, ila ulimi hauna maradhi. Mimi nimenenepa kidogo, na watu bado wanidhani bwana harusi. Wewe je? Mbu wa huko skimu wamekuachia damu?

Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikaisoma kwa sauti barazani, maana mambo ya serikali hayataki kusomwa na mtu mmoja. Wasema msimamizi wa skimu amewakusanya, akawaambia kuanzia mosi Julai serikali yajitoa Bwawani: mfereji, pampu na lango la maji vitakuwa vyenu wakulima. Mkapiga makofi. Njiani mkaulizana, "Vyetu vipi?" na hakuna aliyejua. Na siku hiyo kwa kila shamba lazima asimame mtu mmoja aandikwe. Shamba lenu lilikuwa la marehemu mumeo Chirau, Mungu amrehemu. Sasa waniuliza: usimame wewe uliyelilima, au asimame shemeji yako Taib?

Umemuuliza mwenyewe hasa. Mimi nimepika melini mpaka Port Said, nikashuka nikenda Kairo nikauona mto Nile kwa macho haya. Hakuna maji yatakayonidanganya. Hata hivyo nalikwenda ofisi ya serikali, usije ukasema kaka abahatisha. Nikapokewa na karani, kijana wa bara aitwaye Nicanor, tai imemkaba kama kitanzi.

"Skimu ikitoka kwa serikali yaenda kwa nani?"

"Kwa wananchi."

"Wananchi gani?"

"Wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Wananchi, mzee."

Nikamwambia mzee ni babake. Akacheka, akaniagizia chai. Nikamuuliza, "Yauzwa?" Akasema haiuzwi. "Ina mwenyewe mmoja?" Akasema hapana, ni ya wote.

Hapo nikaelewa, Nicanor akabaki vile vile alivyo. Mwanakuu, hiyo ni wakfu. Kitu cha wote, kisichouzwa, kisicho na mwenyewe, ni nini kama si wakfu? Ni sawa na nyumba hii aliyotuwekea babu. Jina lako halimo popote, la Shangazi halimo, na kila mmoja ana chumba chake mpaka siku ya kutolewa kwa jeneza. Anayeandikwa ni mutawali peke yake, naye ni mimi, na kazi yangu ni kushika funguo, kuziba paa na kutukanwa. Basi usisimame. Mzigo huo mwachie mwanamume, wewe ule matunda. Taib nakutana naye Liwatoni anakotengeneza mashua. Ni mtu laini, hanywi kahawa mpaka wenziwe wapate. Nimeshamwambia, naye amekubali kwa unyenyekevu mkubwa.

Kakako,
Gharib


Skimu ya Bwawani
3 Juni 1965

Kaka Gharib,

Nakuombea afya wewe na Shangazi. Mimi sijambo, na mbu hawajambo.

Wewe umeelewa, mimi bado. Nalimweleza jirani yangu Kanze habari za wakfu. Yeye ni Mkristo, hakuwahi kuisikia. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mutawali akikunyima chumba?" Nikamwambia kwetu haijapata kutokea. Akasema, "Kwenu mutawali ni kaka yako."

Wajua Chirau aliumwa muda mrefu. Mpunga uliotoka humu ni wa mikono hii, na uliomo sasa nimeupanda mimi. Kibokoni nina chumba, Kaka. Kazi yangu iko hapa. Nijibu kabla ya mosi Julai, na ujibu bila meli.

Nduguyo,
Mwanakuu


Kibokoni, Mombasa
11 Juni 1965

Mwanakuu mpenzi wa kaka,

Sisi wazima, na goti la Shangazi limehamia upande wa pili.

Najibu bila meli. Kanze ni mtu mwema bila shaka, lakini wakfu asomeshwe na nani? Nalimuuliza Taib mbele ya watu, "Utamtoa Mwanakuu shambani?" Akasema, "Nimtoe mke wa ndugu yangu nina wazimu?" Watu wote wakasikia, hata muuza kahawa. Ameshaaga Liwatoni, amefunga mizigo. Nimempa kanzu yangu niliyonunua Port Said (samahani, meli imeingia) ili siku hiyo asimame kama mtu.

Wewe keti nyuma na wanawake, upumzike. Kakako amelisimamia.

Gharib


Skimu ya Bwawani
1 Agosti 1965

Kaka,

Natumai barua hii yakukuta salama. Nimechelewa kuandika kwa sababu nalikuwa natafuta namna ya kuandika.

Taib alisimama na kanzu yako, ikampendeza, akaandikwa. Wiki iliyofuata akaniambia nimsaidie mpaka mavuno, kisha mkewe atakuja. Nikamwambia, "Shemeji, wewe ni mutawali tu." Akasema, "Hayo maneno ya Gharib yalikuwa ya barazani. Hapa nimeandikwa mwenye shamba." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenisomea tangazo. Sasa nalala kwa Kanze.

Na jambo jingine sijui nikueleze vipi. Msimamizi alifunga lango la maji kwa kufuli, akaweka ufunguo juu ya meza ya ofisi, akapanda lori akaenda zake. Mpaka leo ufunguo uko pale pale. Zamani yeye ndiye aliyefungua na kupanga zamu. Sasa kila mtu asema maji ni yetu, na hakuna anayethubutu kuugusa. Mmoja akinyoosha mkono, wengine wasema ataka kujipendelea. Mpunga umeanza kuwa njano kwa kiu, wa Taib na wa kila mtu. Twakutana kila siku, twatawanyika.

Uliniambia nikae nyuma, nikakaa.

Mwanakuu


Kibokoni, Mombasa
9 Agosti 1965

Mdogo wangu,

Sitaki kukusalimu kwa maneno mengi, wala usinijibu salamu kama huna moyo.

Nalikwenda kwa Nicanor na barua yako mkononi. Nikamwambia, "Wewe ulinambia ni ya wote." Akasema, "Mfereji ni wa wote. Shamba lina aliyeandikwa." Nikamuuliza, maji yakiwa mferejini ni ya wote, yakiingia shambani ni ya mmoja, yamebadili dini njiani? Akafikiri sana, kijana wa watu. Akasema swali hilo alipeleke juu. Nimerudi nyumbani sijui kama nimeshinda au nimeshindwa, na tangu hapo kila nikieleza barazani, nachanganyikiwa pale pale yanapoingia shambani.

Ninalolijua ni moja. Rudi. Jaffar aliyepanga chumba chako nimemhamishia ukumbini, amenuna lakini atazoea. Nimekipaka chokaa mwenyewe, mpaka na nywele zangu. Hutaulizwa neno na mtu. Shangazi nimemwonya, na waona ushujaa huo. Mwezi ujao naja kukuchukua. Na Taib nikimkuta, Mungu anishike mkono.

Kakako,
Gharib


Skimu ya Bwawani
12 Septemba 1965

Kaka Gharib,

Salamu kwako, kwa Shangazi na magoti yake yote mawili, na kwa Jaffar huko ukumbini. Mimi mzima.

Nalikuwa nimeshafunga nguo zangu nikusubiri. Kwenye mkutano Kanze akanisukuma mbele, akasema, "Waeleze ile habari ya kwenu." Nikawaeleza wakfu kama ulivyonieleza, na Port Said nikaiacha. Wakabishana. Mmoja akauliza kama itabidi kusilimu. Wakakubaliana kwamba mashamba yameshaandikwa, hayo yamekwisha. Lakini maji hakuna aliyeandikiwa, basi nayo yawe hivyo, yawe na mutawali wa kushika ufunguo na kupanga zamu. Nani? Hapo pakawa na kelele. Mzee Katana akasema asiwe na shamba, maana mwenye shamba atalitazama lake. Wakatazamana. Asiye na shamba nalikuwa mimi peke yangu.

Wakati wa mavuno kila mmoja atanitolea mpunga. Wamesema hivyo. Watatoa au hawatatoa, sijui. Hata cheo changu sijui ni kitu gani. Sina shamba wala tuta, na wenye mashamba waja kuniuliza saa ngapi.

Zamu ikazunguka mpaka ikafika shamba langu, nasema langu, la Taib. Kanze alikuwa amenisihi nilipite. Taib akaja, akasimama mbali kidogo, akasema, "Shemeji, ni mimi leo?" Hakuniangalia usoni. Mimi nalikuwa nautazama mpunga. Nalizijua mpaka sehemu nilizopanda jua likiwa kali nikaharakisha, mistari imepinda.

Nikamfungulia. Nalikaa kwenye ukingo mpaka yakajaa, kama yeyote. Usiku nililia, na hata sasa sijui nalilia lipi.

Usije kunichukua, Kaka. Njoo kunitembelea, na Jaffar arudi chumbani.

Naishia hapa. Kanze ananiita, zamu yake imefika na lango bado nimelifunga.

Nduguyo,
Mwanakuu