Mashine ya Kuvuta kwa Kamba

Jumamosi, 3 Mei 2025
Mashine ya boti imekufa. Rasmi! Hanna, fundi wa klabu yetu hapa Hässelby, kaifungua na kunionyesha meno ya gia — yamesagika yote. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nayo.
Na kaka Elijah anatua kutoka Musoma tarehe 12 Juni. Atakaa wiki tatu tu. Kila kiangazi nimemtumia picha: mimi nyuma, nimeshika mkono wa mashine, maji yanaruka. Sasa anakuja kuona mwenyewe. Ataona nini? Boti juu ya magogo, nyuma wazi.

Jumapili, 4 Mei
Felicia kapiga simu, eti ninunue mashine ya umeme. "Köp en elmotor, pappa." Nikamweleza kwa Kiswahili kwamba jirani yangu gatini anayo hiyo ya betri. Inapiga kelele kama friji, na inakimbia kama friji. Binti yangu akacheka kwa Kiswidi.

Jumatano, 7 Mei
Nilitaka ya farasi arobaini, ya kuwashia kwa stata, kubonyeza tu. Hanna akaja na kinyundo, akagonga ubao wa nyuma, unaobeba mashine. Upande mmoja ko-ko. Upande wa pili pu-pu. Umelowa ndani! Kasema utabeba kilo hamsini tu, zaidi ya hapo niutengeneze kwanza — na kukauka kwake ni kiangazi kizima.
Nikauliza, kilo tisini je, polepole?
"Utabaki na mashine na ubao, Zakayo. Boti itakwenda zake."
Boti ya mwaka 1978. Siwezi hata kuikasirikia.

Alhamisi, 8 Mei
Dukani. Ndogo za stata, nyepesi, zipo — kwenye orodha tu. Zitaletwa Agosti. Agosti! Elijah atakuwa kesharudi. Za kamba zimejaa tele, nichague nitakayo. Nikatoka bila kuaga.
Noeline, kwenye gari: kwani kamba ina ubaya gani? Nikamjibu dunia imeendelea. Akanitazama. Mke wangu akinyamaza, namwogopa kuliko akisema.

Jumamosi, 10 Mei
Fittja, kwa Mkongo mmoja, Désiré, anauza mashine kuukuu. Farasi kumi na tano, kilo arobaini na nane, safi. Ya kamba. Kaitundika kwenye pipa la maji uani. "Vuta mwenyewe, papa, usikie sauti yake."
Nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Mara ya tatu nikasema ni mbovu.
Noeline akaweka mkoba wake chini. Akakanyaga vizuri, akavuta mara mbili — ikanguruma! Désiré akapiga makofi. "Mama ni fundi!"
Nimesema hatununui. Tumerudi Hässelby mikono mitupu.

Jumapili, 11 Mei
Jana sikuandika kila kitu. Bega la kulia halivuti. Kamba inatoka nusu, halafu moto unapita mpaka kwenye kidole gumba. Mwaka jana, Agosti, niliposhindwa kuivuta ile ya zamani, niliwaambia wote ni kabureta. Haikuwa kabureta.
Nalijua tangu wakati ule. Sijamwambia mtu. Naandika hapa tu.

Jumatano, 14 Mei
Noeline kampigia Désiré mwenyewe. Keshaichukua! Imelala sebuleni juu ya magazeti. Nikapandisha sauti: umeamua bila mimi?
"Miaka kumi na nane nanyanyua wazee vitandani kwenye makao yao Hjulsta," akasema. "Najua bega likoje linapouma. Nilikuwa nasubiri uniambie."
Nikasema simo. Akaenda kupika. Nikaitazama mashine. Nzuri, shetani mkubwa we.

Jumamosi, 31 Mei
Boti iko majini. Hanna kafunga kila kitu, ubao umekubali. Noeline anawasha, mimi naendesha. Ndivyo tulivyopatana. Lakini leo, njia ya kurudi, akaomba kujaribu. Nikampa dakika tano. Akaenda nusu saa! Ananyoosha kuliko mimi — hapindipindi. Nilimwambia anakwenda kasi mno. Hakuwa anakwenda kasi.
Nimemwomba kitu kimoja: siku ya Elijah nivute mimi. Mara moja tu. Akaendelea kufunga kamba ya gati.

Jumamosi, 14 Juni
Niko kwenye gari, karibu na gati. Nimesema nimesahau miwani. Miwani ninayo usoni.
Asubuhi nilijaribu bega bafuni, kwa taulo iliyofungwa kwenye kitasa. Halinyanyuki. Elijah kavaa jaketi lake la kuokolea tangu nyumbani, kwenye lifti, majirani wanamwangalia. Miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu, anauliza maswali kama darasa la kwanza. Tulipofika akakaa kando ya mashine. "Haya, mdogo wangu. Niwashie kama kwenye picha."
Ndipo miwani.
Nimesikia sasa hivi. Mvuto mmoja tu! Imewaka. Elijah anapiga makofi — kama ya kanisani. Nawaona kupitia kioo. Anamuuliza Noeline kitu, Noeline anaonyesha kamba, anaonyesha bega lake mwenyewe, la kulia. Anamwambia. Anamwambia!
Kaka kageuka kuangalia gari.
Hacheki. Kainua mkono, anaita. Mashine inanguruma taratibu, sauti tamu kweli. Noeline bado kaushika mkono wa mashine, hajaondoka pale nyuma, wala hatazami huku. Kamba ya gati keshaifungua. Boti inashikiliwa na mguu wa Elijah tu, kaubana kwenye ukingo wa gati, na mguu wenyewe unaanza kuteleza. Naacha kalamu, nakwenda.