Jinsi Nilivyofika kwa Baba Yako

Hobro, Denmaki,
Tarehe 11 Septemba, 1994.

Mpendwa mwanangu Ragna,

Pokea salamu zangu, mimi baba yako mdogo Eskild. Natumaini wewe na mumeo Colin hamjambo huko Nyuzilandi, na kwamba mtoto kikohozi kimemwachia. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limegoma kukunjika tangu nirudi safarini, nami siku hizi nashuka ngazi kinyumenyume. Mvua haijakatika wiki ya tatu sasa. Matofaa yanaozea mtini na sina hamu ya kuyachuma.

Barua yako ya mwezi wa nane nimeipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Unanishukuru kwa kumwahi baba yako. Unasema nilimshika mkono, akaniona, akaiona pikipiki, ndipo akafumba macho, na kwamba kwa kuwa wewe hukuwahi kufika, unapata usingizi kwa kujua kuwa angalau mimi niliwahi.

Mwanangu, sikumshika mkono. Hayo mama yako alikwambia kwenye simu kwa huruma, nami nikanyamaza kwa woga. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na barua yako imenifikisha mwisho wa yangu. Tafadhali kaa kitako, nikueleze ilivyokuwa.

Unajua kwamba mimi na baba yako hatukuonana kwa miaka kumi na moja, ila sidhani kama uliambiwa sababu. Sababu ni pikipiki ya babu yako, ile ya mwaka 1952 iliyoundwa hapa hapa Denmaki. Baba yako Torleif ndiye aliyeitunza tangu ujana wake. Aliweza kuifungua yote na kuirudisha huku akizungumza habari nyingine kabisa. Babu alimwambia kwa mdomo kuwa itakuwa yake. Lakini babu alipokufa, mimi ndiye niliyekuwa nikiishi naye, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Baada ya mazishi Torleif aliniuliza, "Ufunguo uko wapi?" Nikamjibu, "Upo ulipo." Basi. Akachukua mkoba wake akarudi Norwe, kwenye shamba la mama yetu, na tangu hapo tukawa tunatumiana kadi za Krismasi zenye jina tu. Katika ukoo wetu watu hawagombani kwa kelele. Tunanuna kimya kimya, na tuna pumzi ya kununa mpaka kaburini.

Mwezi wa sita nikapata kadi isiyo ya Krismasi. Iliandikwa hivi: "Mapafu yamekwisha. Niletee pikipiki ya baba. Ije kwa miguu yake, usiipakie kwenye lori." Niliisoma nimesimama uani, na naona haya kukuambia kuwa jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Ameniita! Jioni ile ile nilianza kubadilisha oili.

Ningeweza kupanda ndege nikafika kesho yake. Watu wote waliniambia hivyo. Lakini yeye hakuniomba mimi, aliiomba pikipiki, na nilijua kuwa kama ningefika mikono mitupu nisingekuwa na la kusema.

Nilivuka kwa feri mpaka Uswidi, na mvua ikanipokea bandarini. Chombo kile hakipendi kupita kilomita sitini kwa saa, na mimi pia sipendi. Nilipanga siku tano, nikatumia tisa. Siku ya pili maji yaliingia kwenye magneto, ile inayotoa cheche za kuwasha injini. Siku ya tatu nilipata pancha mbili kabla ya chakula cha mchana. Malori ya magogo yalinipita karibu hata nikawa nanusa utomvu. Nilikuwa nalala hemani nimevaa nguo zote, vidole vikitetemeka bado kwa mtikisiko wa usukani, na nilikuwa nikizungumza na Torleif peke yangu. Nilimwomba radhi kwa namna nyingi, mwanangu. Nyingine zilikuwa nzuri sana.

Siku ya tano, karibu na mji wa Östersund, springi ya valvu ilivunjika. Nilisukuma pikipiki kilomita nne mpaka kwenye ua wa mkulima mmoja aitwaye Sixten. Alitoka ghalani, akaizunguka mara mbili, mikono mfukoni.

"Mzee, chombo hiki mahali pake ni makumbusho," akasema.

"Hata mimi. Ndiyo maana tunaelewana."

"Na unakipeleka wapi?"

"Norwe. Kwa kaka yangu. Anakufa."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Basi iingize ndani. Mbona unailowesha mvuani?"

Sixten alikata springi ya mashine ya kukatia majani akaanza kuichonga ifae, kazi ya siku mbili. Nikamwomba simu nikampigia mama yako Gudny. Alisema, "Njoo upesi, shemeji. Anahema kama aliyepanda mlima." Sixten alisikia yote, maana simu ilikuwa jikoni.

"Treni ipo saa saba," akaniambia. "Ipande. Pikipiki nitakutunzia."

"Kasema nije nayo."

"Wagonjwa husema mengi."

"Huyu hasemi mengi. Hajaniambia neno miaka kumi na moja."

Sixten akatikisa kichwa. "Kiburi hicho, mzee. Kiburi kitupu."

Nikabaki. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu, ingawa silo kubwa.

Nilifika kwenu siku ya tisa, Ijumaa. Mvua ilikuwa imekatika tangu mpakani. Nilipita kwenye kona ile ya kanisa, nikapanda kilima, na hapo kileleni, kwenye jukwaa la zamani la mbao walipokuwa wakiwekea makopo ya maziwa yangoje lori, nikaiona nyumba. Nikatazama saa. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Na mapazia ya chumba cha mbele yalikuwa yamefungwa.

Wewe umelelewa humo, sina haja ya kukufundisha. Huko kwenu watu wanakula saa kumi, kisha wanajilaza mpaka saa kumi na mbili, na mtu mwenye akili hapigi hodi wala simu mpaka saa hiyo ipite. Marehemu mama yetu alitulea hivyo hivyo hata huku Hobro. Mtoto aliyeangusha kijiko baba akiwa amelala alikiona cha moto. Torleif mwenyewe ndiye aliyekuwa akinifinya nikikohoa.

Nikazima injini.

Nilijiambia, mgonjwa amelala, mwache apumzike, utamwamsha vipi kwa mngurumo huu? Ukweli ni kwamba nilikuwa pia naogopa, na saa moja na robo ya kungoja niliipokea kwa mikono miwili. Niliketi juu ya jukwaa. Nilikula kipande cha mkate. Nilichukua leso nikafuta matope kwenye tangi, kisha kwenye taa, kisha kwenye spoki moja moja, ili aikute inang'aa. Nilichana nywele. Mwanangu, kwa muda ule nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya miaka kumi na moja, na hilo ndilo linalonitafuna.

Jirani yenu Edvin alipita na reki begani. Alinitambua, akasimama.

"Wamelala?" akauliza kwa sauti ya chini, na nyumba iko mita mia nne kutoka pale.

"Wamelala."

"Basi usiwaamshe. Gudny naye amechoka, maskini."

"Nangoja saa kumi na mbili."

"Ndiyo uungwana," akasema, akaenda zake akinyata.

Saa kumi na mbili ikafika. Mapazia hayakufunguliwa. Nikaongeza dakika kumi, ili wapate kunywa kahawa yao kabla ya kuvamiwa na mgeni. Zilipokwisha, nikaishika pikipiki usukani nikaanza kuiteremsha kwa kuisukuma, injini imezimwa, nisije nikawashtua. Mama yako alitoka akasimama kizingitini. Alikuwa amevaa aproni na mikono yake ilikuwa imelowa.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Pale juu. Tangu saa kumi na moja kasorobo. Nimeona mapazia yamefungwa, nikadhani mmelala."

Alinitazama mpaka nikateremsha macho. "Torleif hajalala wiki tatu, shemeji. Mapazia ni kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Dirisha lilikuwa wazi."

Kisha akaniambia yaliyobaki, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Baba yako aliisikia pikipiki tangu kona ya kanisa. Akainua kidole. Akasema, "Ni yeye. Valvu ya tatu inagonga, hajairekebisha mpumbavu huyu." Alisema hivyo akicheka, Ragna, kwa pumzi ile ile aliyokuwa hana. Akaagiza ainuliwe, awekewe mito mgongoni, achanwe nywele. Akaketi akitazama mlango.

Pikipiki ikanyamaza.

Wakangoja. Mama yako alitaka kutoka akatazame, lakini alikuwa amemshika asianguke, na baba yako hakumwachia mkono. Baada ya robo saa akasema, "Amegeuka." Mama yako akamwambia hapana, anakuja, labda imezimika. Baba yako akasema, "Ile haikuzimika, imezimwa. Amefika pale juu, ameiona nyumba, amegeuka." Akaomba mito iondolewe. Hakusema neno jingine. Alikata roho saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, na wakati ule mimi nilikuwa nafuta spoki.

Mama yako aliniingiza ndani, akanitengea kahawa, kwa maana mgeni lazima apewe kahawa. Tukainywa, yeye upande mmoja wa meza na mimi upande mwingine, na mlango wa chumba cha mbele ukiwa wazi. Hapo ndipo aliposema, "Ragna nitamwambia mlionana. Na wewe utanyamaza." Nikaitikia. Usimkasirikie, nakusihi. Alikuwa na jambo moja tu zuri la kukupa, akalitunga mwenyewe, kwani mimi sikumletea.

Siku ya mazishi Edvin alinivuta kando uani mwa kanisa, uso umemvimba kwa kulia. "Mimi ndiye niliyekwambia usiwaamshe," akasema. Nikamwambia ningengoja hata bila yeye. Ni kweli, ila hakuamini, na sasa hanisalimii wala hapiti njia ile ya jukwaa.

Watu walipotawanyika niliisukuma pikipiki nikairudisha pale kileleni, nikaiwasha, nikaiendesha mpaka mlangoni kwa baba yako. Nilitazama saa. Ni sekunde arobaini. Nikaiingiza ghalani, nikaning'iniza ufunguo kwenye msumari wake, nikarudi Denmaki kwa treni. Ni yako ukiitaka. Usipoitaka, iache iote kutu.

Nimefikiri sana kama kukuandikia haya ni ukweli au ni ukatili. Kama nimekunyang'anya usingizi, basi nimekunyang'anya cha pili baada ya kumnyang'anya baba yako. Lakini sikuweza kuendelea kupokea shukrani zako huku najua alivyoniwaza dakika zake za mwisho. Mimi sikugeuka, Ragna. Yeye hatajua kamwe, basi angalau wewe ujue.

Nisalimie Colin na umbusu mtoto. Ukizungumza na mama yako, mwambie nimevunja ahadi na nitamwandikia mwenyewe. Shangazi yako Birthe anakusalimu kutoka Aalborg, na mjomba Håkon pia, ingawa naye amezidi kuwa kiziwi. Mungu akulinde huko uliko, akupe kulia pale panapostahili.

Jambo moja tu nakuomba. Usinijibu kwa uungwana. Ukiwa na hasira, niandikie hasira. Ukitaka kunipigia simu unitukane, piga saa yoyote, hata nikiwa nimelala.

Wako akupendaye, na asiyestahili,

Baba yako mdogo,
Eskild