Mapacha Niliowafanya Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika saa mbili asubuhi, umerudi saa nne. Nimewasha laptopu, ikasema inajisasisha, nisubiri. Nikasubiri. Miaka ishirini na nane naandika programu na bado mashine ndiyo inanipangia saa ya kuanza kazi. Nimekunywa chai vikombe viwili. Ziwa limekaa kijivu, mvua iko ng'ambo, upande wa Kamanga.

Neema kaanzisha kundi jingine la ofisi kwenye simu. Sasa yako saba. Neema ni bosi wangu, ana miaka thelathini na mbili, mchapakazi, ananiamkia shikamoo kila siku. Sina neno naye. Ila yeye kila tatizo dawa yake ni kundi. Na wale vijana wawili wa timu wanaiuliza akili mnemba kila kitu, mpaka jinsi ya kupanga majina kwa alfabeti. Nikiandika mistari kumi kwa mikono yangu wananitazama kama bibi anayetwanga mahindi na mashine ya kusaga iko jirani. Haya bwana. Mimi angalau nilichoandika nakijua.

Paswedi ya barua pepe imeisha muda tena. Inataka herufi kubwa, namba, na alama. Nimeweka jina la ng'ombe wa marehemu baba. Tuone nani atalibuni.

Jumanne, 4 Machi

Simu kutoka kliniki. Leo sijafanya kazi tena.

Ni kliniki ya watoto wenye selimundu, hapa hapa mjini. Mfumo wao niliujenga mimi. Kila mwezi unamtumia mzazi ujumbe: dawa ya mtoto ipo, njoo uchukue. Asiyepata ujumbe asije. Wazazi wengi wanatoka ng'ambo, Sengerema na vijiji vyake, na zamani walikuwa wanavuka kwa kivuko, wanapanga foleni, wanaambiwa dawa haijafika. "Usije mpaka uitwe." Maneno hayo niliyatunga mimi. Niliona nimewasaidia sana.

Sasa kuna mtoto wa kike, miaka saba, hajaitwa tangu Desemba. Miezi mitatu bila dawa. Mama yake alikuwa anasubiri ujumbe. Wiki iliyopita mtoto kapata kiharusi.

Miaka saba. Kiharusi. Nimeyaandika na bado hayaniingii.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha mtandaoni. Watu tisa, kamera sita zimezimwa, jogoo wa mtu anawika. Sivipendi vikao hivi. Mtu anaweza kuumizwa mbele ya watu tisa na hakuna hata mmoja anayelazimika kumtazama.

Leo kaumizwa Veronika. Ndiye nesi anayeingiza taarifa za watoto kwenye mfumo. Jina la yule mtoto halipo kabisa, kwa hiyo imeonekana yeye ndiye kalifuta. Neema kasoma kwenye karatasi: kosa la mwingizaji. Veronika kasema hajafuta jina la mtoto yeyote. Kasema tena. Neema kafungua ukurasa wa pili. Uamuzi Jumatano.

Na mimi nimenyamaza. Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma. Nimenyamaza kwa sababu Novemba nilisafisha orodha ya kliniki ile, na nilishaanza kuhesabu tarehe kabla Neema hajamaliza kusoma.

Ijumaa, 7 Machi

Ni mimi.

Haikuchukua hata saa moja. Mstari wa programu uko pale, na jina langu, na tarehe.

Orodha ilikuwa imejaa watoto walioandikishwa mara mbili. Mtoto wa huku ana jina la nyumbani, la ubatizo, la shule, na mama anataja lolote linalomjia akiwa dirishani. Leo ni Shija, mwezi ujao ni Emanueli. Mtu wa Dar asingelijua hilo. Mimi Msukuma nalijua, nikajiona mjanja. Nikaiambia programu: jina la kwanza achana nalo. Linganisha jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, na simu ya mama. Vyote vinne vikifanana, huyo ni mtoto mmoja. Bakiza rekodi iliyoguswa mwisho, nyingine futa.

Baba mmoja. Siku moja. Kijiji kimoja. Simu moja ya mama.

Mapacha.

Kulwa na Doto wa Sengerema. Doto ndiye mgonjwa. Kulwa alipimwa Novemba akaonekana mzima, kwa hiyo rekodi yake ndiyo iliyoguswa mwisho. Programu ikabaki na Kulwa, ikamfuta Doto. Mtoto mzima haitwi kuchukua dawa. Imefanya vile vile nilivyoiagiza, mashine haina kosa lolote.

Mchana sijala.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda Usagara kwa dada. Mvua njia nzima. Ana duka la pembejeo pale njia panda, na Jumapili anafunga saa sita. Nimemweleza yote amekaa juu ya gunia la mbegu. Kwa kawaida dada anaongea mpaka unatafuta mlango. Leo kasikiliza mpaka mwisho, kisha kasema maneno matatu tu.

"Hata wewe, Doto?"

Dada yangu anaitwa Kulwa. Kanitangulia kuzaliwa kwa nusu saa na mpaka leo hajaacha kunikumbusha. Tulivaa nguo za kitambaa kimoja mpaka darasa la nne. Usukumani huwezi kutupa jiwe bila kumpata Kulwa au Doto. Yaani watu wote duniani wangeweza kuwasahau mapacha, lakini siyo mimi.

Kanifungia sato wa kukaanga kwenye gazeti. Kaniuliza yule nesi atafanywaje. Nikasema sijui. Kasema, "Unajua."

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Neema, ana kwa ana, mlango umefungwa. Kashika kichwa. Kisha kaanza kupanga maneno. Tusahihishe kimya kimya. Tuandike "changamoto ya mfumo". Kuna kliniki nyingine tatu zinataka kuuchukua, na kuna vijana wanaotegemea kazi hii. Veronika atapewa onyo tu, mzee wangu, onyo haliui mtu.

Hilo neno "changamoto" nalichukia. Siku hizi kila kitu ni changamoto. Mtoto hawezi kuinua mkono, nayo changamoto. Nimetoka bila kuaga, na mimi huwa naaga.

Nimetafuta wengine niliowafuta. Jozi nne za mapacha, ukihesabu na ya Doto. Mama wa zile tatu nimewapigia mwenyewe, mmoja mmoja. Watoto wawili hawakuwa wagonjwa hata hapo mwanzo. Wa tatu ni mgonjwa, lakini mama yake ni mbishi. Hakungoja ujumbe wowote. Kila mwezi alivuka, akagombana pale dirishani mpaka akapewa dawa. Kaniambia, "Mimi simu siiamini, baba." Nikamwambia afanye hivyo hivyo. Wa nne ndiye Doto, na mama yake sijathubutu kumpigia.

Jumatano, 12 Machi

Nimesema kwenye kikao. Nimewasha kamera, nimesoma mstari wenyewe, nimetaja jina langu. Veronika hajafuta kitu. Dakika nne hazikufika.

Veronika kasema asante, kazima kamera. Nadhani alikuwa analia.

Saa nane Neema kaandika nisije kesho. Kufika saa tisa nimeshaondolewa kwenye makundi yote saba. Nilidhani ningefurahi. Nimelala kitandani na viatu miguuni, natazama dari. Naogopa. Miaka hamsini na minne, nani ataniajiri?

Mkuu wa kliniki kapiga jioni. Kadi za karatasi zinarudi, na mwenye kadi atakuja bila kuitwa. Nimeona sawa. Nimemwomba jambo moja, amuulize mama wa Doto kama atakubali nimwone. Katuma jibu baada ya dakika kumi. Njoo Jumamosi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevuka kwa kivuko cha kwanza. Maji yametulia. Kutoka Kamanga nimechukua bodaboda, tope mpaka kwenye magoti.

Nyumba ya bati, ua umefagiliwa. Mama wa mapacha ni mdogo kuliko nilivyodhani. Kanipa kiti, kaleta michembe ya viazi na maziwa mgando kabla hata sijasema nimefuata nini. Nikashindwa kula, nikashindwa pia kukataa. Nimemweleza taratibu, bila lugha ya kompyuta. Kwamba niliandika agizo, na agizo hilo likawachukua watoto wake wawili likawahesabu mmoja. Kwamba siyo nesi, ni mimi. Kwamba ile simu haikuita kwa sababu yangu.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha. Kasema alikuwa anaichaji kila siku kwa jirani mwenye sola, isije ikazima ujumbe ukaja. Nikasema samahani. Hakusema si kitu. Kauliza tu jina langu, nikamwambia.

Kisha akaita ndani. Doto, njoo umwamkie mgeni. Ni wajina wako.

Mtoto katoka anaburuta mguu kidogo. Pacha wake nyuma, kashika gauni lake. Doto kapiga goti kwa shida, kaninyooshea mkono wa kushoto.

"Mkono wa kulia, we Doto," mama yake kasema. Haraka, kwa mazoea, kama mama yeyote anavyosema. Kisha ungo ukasimama mikononi mwake.

Mtoto hakununa. Kachukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kaunyanyua, kauweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa na joto. Haukushika.

"Shikamoo."

Nikaitikia marahaba.