Mama, Tulikuaga Mapema

Gonja, Same
Jumapili ya kwanza ya Agosti, baada ya ibada

Mpendwa mama,

Shikamoo. Leo nimeamua kukuandikia yote, hata yale ambayo kwenye simu huwa nayameza kwa sababu baba na bibi wamekaa kando yangu wanasikiliza.

Sisi ni wazima. Kikohozi kimemwacha baba. Bibi anasema magoti yake yanaijua baridi ya mwaka huu kuliko redio. Ukungu unashuka mapema na sare zangu hazikauki, nazivaa zikiwa na unyevu. Nimechoka, mama. Kupika na kuteka maji nimezoea. Kinachonichosha ni kujibu watu.

Siku ya gulio nilishuka Maore kuuza maparachichi. Kabla sijatua kapu, mama mmoja wa kwaya akaniita kwa sauti ya kusikika soko zima.

"We binti wa nesi! Mama ameshaizoea baridi ya Uingereza?"

"Shikamoo mama. Anaendelea vizuri."

"Marahaba. Lile sweta letu linamtosha?"

Nikasema linamtosha. Nawe uko Dar es Salaam kwa mama mdogo, unalala na feni, na sweta liko ndani ya begi. Baba amesema tusiwaeleze watu mambo nusunusu, kwa hiyo wengi huku wanaamini ulishapanda ndege zamani.

Nakumbuka jinsi ilivyoanza. Ulikuwa umefaulu mtihani wa lugha, ukafanya usaili na wakala anayetafutia hospitali za Uingereza wauguzi. Uliporudi nyumbani jioni ile ulisema wazi, "Nimepita kwa wakala. Bado hospitali yenyewe." Sisi wa nyumbani tulisikia vizuri. Lakini habari ilipokwenda kutoka nyumba hadi nyumba, lile neno "bado" lilibaki njiani. Jumapili iliyofuata mchungaji akatangaza kwamba nesi wetu anakwenda Ulaya, akina mama wakakuita mbele, wakakuvika sweta walilolifuma wenyewe, zito, la kijivu, lenye kola inayofika masikioni. Mzee Elieza akapaza sauti kutoka benchi la nyuma, "Nesi, sisi Wapare tunajulikana kwa kesi; Mpare akikupa kitu bila kesi, chukua ukimbie!" Kanisa zima likacheka. Uliporudi kwenye benchi ulimwinamia baba ukamnong'oneza, "Mbona mapema hivi?" Baba akajibu, "Acha waombe. Maombi hayaozi."

Ukashuka Dar kukamilisha vyeti, kupima kifua, na kusubiri usaili wa hospitali yenyewe. Siku ulipotupigia kutueleza ulivyokwenda, ulianza kwa kucheka. Walikuuliza: mgonjwa mwenye akili timamu amekataa matibabu, utafanya nini? Ukajibu, "Nitamwita mama mkwe wake." Ulisema walitazamana, wakaandika. Baadaye ukaletewa ujumbe wa shukrani na pole, kwamba hukupita. Wakala akakufafanulia kwamba kule mambo ya mgonjwa hayapelekwi kwa ndugu bila yeye kuridhia.

Bibi alishangaa kweli. "Sasa walitaka amwite nani? Polisi?"

Baba alicheka, halafu akatoka kwenda kumtazama ng'ombe, ingawa alikuwa ametoka kumtazama muda si mrefu.

Kanuni yao naielewa. Hata darasani tumefundishwa kwamba mtu ana haki ya kutunziwa siri yake. Lakini mimi nilikuwepo siku ya Mama Nambua, na wao hawakuwepo.

Nilikuwa mdogo, nimekuletea makande zahanati. Mama Nambua alikuwa mjamzito, uso na miguu vimevimba, na presha imepanda. Ulimwambia lazima ashuke hospitali ya Same siku ileile.

"Nesi, leo siendi."

"Mama Nambua, presha hii haisubiri."

"Na maji hayasubiri. Leo ni zamu yangu ya ndiva. Nikiikosa, mahindi yangu yanakauka, nile nini na hao watoto?"

Hukubishana naye. Kila mtu kwetu anajua kwamba bwawa la ndiva likifunguliwa, maji yanakwenda shambani kwa mwenye zamu, na asiyekuwepo kuyaelekeza anayapoteza mpaka zamu nyingine. Ulinituma nikamwite mama mkwe wake. Alikuja na jembe begani, pindo la kanga limelowa. Nilikusikia kwa masikio yangu. Hukumtajia ugonjwa wowote. Ulisema tu, "Mama, mkweo ana zamu ya maji, na mimi nina gari linalomsubiri."

Yule mama mkwe akamgeukia Mama Nambua. "Panda gari. Maji nitayashika mimi."

"Mama, utayaweza?"

"Nilikuwa nayashika kabla mumeo hajazaliwa. Panda!"

Akapanda. Mtoto aliyezaliwa sasa yuko darasa la kwanza, anatupa mawe kwenye maparachichi yetu, na bibi humfukuza kila siku.

Ndiyo maana nafikiri hukukosea, mama. Ulikatiza tu jibu. Ungewasimulia mpaka mwisho, wangeona kwamba siri ya mgonjwa uliitunza, ukatafuta kilichomfunga miguu asiende. Pengine usaili hauna nafasi ya hadithi ndefu. Hata hivyo nina imani kwamba wapo watakaokuelewa, kule au hapa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Leo baada ya ibada, mganga mfawidhi wa zahanati alinivuta pembeni. Nesi aliyekuja kushika nafasi yako ameomba kuhama, amesema mlima umemshinda. Akaniambia, "Nafasi ya mama yako ninaishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo lazima nimpe mtu mwingine. Anarudi, au ndiyo anaondoka?" Nikamwambia nitakuuliza. Baba bado sijamwambia, maana najua atasema mama yako asisumbuliwe.

Mara ya mwisho ulipopiga simu ulisema umeanza tena masomo ya kujiandaa kwa hospitali nyingine. Sauti yako ilikuwa kama ya asubuhi unapotoka zamu ya usiku. Nikakuuliza usaili utakuwa lini, ukasema, "Tutaona." Wewe hukuwa mtu wa kusema tutaona. Wagonjwa wenyewe walikuwa wakilalamika kwamba unawapangia hata siku ya kupona.

Sikuandikii ili urudi. Ukitaka kuendelea kuomba kazi ya kule, endelea. Nitasoma, nitamtunza bibi, na gulioni nitasema wazi kwamba mama yangu yuko Dar, bado anapambana. Mimi mwenyewe nataka kusomea uuguzi, kwa hiyo njia unayoihangaikia huenda ikanifaa na mimi. Na ukitaka kurudi, rudi. Wa kucheka watacheka wiki moja, halafu watapanga foleni mlangoni kwako kupima presha. Ninachoogopa ni kwamba nafasi ya huku itapita, ya kule haijafunguka, nawe umekaa kwenye chumba cha mama mdogo bila kuchagua chochote.

Barua hii nampa dada Namkunda, jirani yetu. Anashuka Dar kesho, Jumamosi anarudi. Nimemwomba asipande basi la kurudi bila karatasi yako mkononi. Msalimie sana mama mdogo. Bibi anakubariki, na baba kila jioni ndiye anayechaji simu, usije ukapiga ikiwa imezima.

Niandikie ukweli, mama, hata ukiwa mstari mmoja: bado unataka kwenda, au umebaki huko kwa sababu unaona haya kurudi mahali tulipokwisha kukuaga?

Ni mimi binti yako,
ninayekupokea kwa jibu lolote