Chungu cha Katikati

Kwako wewe, mtalaka wangu,

Neno "mpendwa" nimeliruka kusudi, usilitafute. Barua hii sikuifunga. Nimempa kaka yako Salimu aisome barazani kwake, huko Makupa, kwa sauti, wazee wakiwapo, nawe usikie ukiwa nyuma ya pazia. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mnaosema mzee huyu hajui kuandika, haya, someni. Herufi zimelala upande, lakini zatembea.

Nataka watu wajue ulichonifanyia.

Wakumbuka kaskazi ilivyotuwakia. Mfereji mkavu, mji mzima walilia maji, na mimi nachota kisimani kumwagilia maua, watu wakinicheka. Nani mwengine mtaa huu wa Kuze angethubutu kwenda maonyesho ya maua Mbaraki, kushindana na wenye bustani na watumishi? Sisi uani kwetu ni sakafu tupu, haizidi mkeka wa watu wawili. Lakini mimi nikichomeka mpini wa jembe wachipuka, na hilo hata maadui zangu walijua.

Ulikuwa ukinishikia vyungu nikitia vigae chini ili maji yasituame, kisha mchanga, kisha udongo na samadi ya mbuzi. "Yanuka," ukasema. Nikakwambia, "Leo yanuka, kesho utakuja kuomba kunusa." Ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Siku hiyo nalidhani nina mke.

Madebe ya samli tukayapaka chokaa. Bogenvilia nyekundu nyuma, zinia za manjano na waridi mbele yake, na yale maua ya zambarau yatambaayo yakashuka kingoni. Na katikati, chungu kikubwa cha marehemu mama yangu, kile chenye ufa, na ndani yake mwasmini wangu. Mweupe peke yake kati ya rangi zote zile. Huo ndio uliokuwa ufundi! Rangi zote zilikuwa zausindikiza mwasmini kama bibi harusi. Na tumba zilikuwa zimejaa, za kufunguka wakati ule ule ninaoutaka mimi.

Siku moja kabla ya maonyesho nikaenda kuswali alasiri. Kuswali tu, sikwenda kucheza bao! Kurudi, mwasmini kipara. Tumba zote zi ndani ya ungo, nawe umeketi na sindano na uzi, watunga vikuba vya kuvaa wanawake kwenye harusi ya binti wa Salimu, na kaseti ya taarabu yalia pembeni.

"Mwanamke, umefanya nini?"

"Nimechuma asmini, Bwana. Kwani asmini hufanywaje?"

"Hizi ni za maonyesho!"

"Za kutazamwa?" Ukanikodolea macho kama kwamba nimeingia na viatu msikitini. "Asmini haitazamwi. Asmini huvaliwa. Kuiacha ilale mtini ni ubadhirifu."

Ubadhirifu! Mimi, niliyeuzaa mti ule kwa kijiti! Nikakupa talaka moja papo hapo. Na wewe, badala ya kulia kama wake za watu, ukakata uzi kwa meno ukasema, "Haya, hiyo moja. Zimebaki mbili, usizimalize kwa asmini."

Kisha ukavaa buibui ukaenda zako. Sheria yasema mke akae eda nyumbani kwa mumewe. Wewe ukaenda kukaa eda kwa kaka yako, kwenye moshi wa malori, na ukaondoka na sufuria yangu ya pilau.

Maonyesho nalikwenda. Mimi sirudi nyuma. Vyungu vyote mkokotenini, na kile cha katikati vile vile. Akaja bibi mmoja katika majaji, kofia yake sawa na sinia, akainama.

"Mzee, hiki cha katikati mbona majani matupu?"

"Muulize mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha."

Akasimama taratibu, akaenda kwa jirani. Tuzo ikaenda kwa mtu wa huko huko Makupa, aliyepanda zinia ndani ya tairi la lori. Tairi! Hilo nalo nakudai wewe.

Sasa mwasmini umetoa tumba tena, kwa ukaidi. Magharibi zafunguka, asubuhi sakafu nyeupe, nami nafagia. Mabibi wa jirani walikuja na nyungo zao: "Babu, tuchumie, maua yaharibika." Nikawafukuza. Juzi nikasema, kazi gani hii ya sindano inishinde, mimi? Nikatunga. Uzi ukajipiga mafundo, kikatoka kitu kama nyoka aliyekanyagwa na punda. Nikakitundika msumarini, pale pa buibui lako. Kikanukia vile vile, nyumba nzima, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Nasikia yule mwenye duka la mazulia ashaulizia eda yako yaisha lini. Mjibuni: yaisha Ijumaa. Na kabla ya Ijumaa ipo leo. Wazee mliokaa hapo, acheni tasbihi kidogo. Mmesikia niliyotendewa, basi sikieni na hili, nanyi ni mashahidi. Salimu, soma polepole, usimeze maneno: nimemrejea mke wangu.

Radhi sikuomba. Usije ukatangaza mtaani kwamba niliomba radhi. Chungu kile ni cha maonyesho, na mwakani kitakwenda Mbaraki, na ukikigusa, zimebaki mbili, wewe mwenyewe ulihesabu.

Rudi na sufuria yangu. Na sindano yako, maana hii yangu ni butu. Tumba zimejaa leo, na alasiri haikawii, nami nitakwenda kuswali.

Ni mimi,
mume wako.